Upande wa Kushoto wa Lazaro

Juzi, Jumamosi mchana, nilikuwa nashusha mifuko ya sokoni mbele ya nyumba tunazopanga hapa Reynoldsburg, pembeni mwa Columbus, na mzee mmoja wa Kimarekani alikuwa amechuchumaa mbele ya gari lake la zamani, anapaka bampa dawa ya kung'arishia. Harufu ya dawa ile ilinifikia kabla sijafunga buti. Ni harufu kali, kama mafuta ya taa yaliyochanganywa na sabuni ya unga, na watu wengi wangeshika pua wakaenda zao. Mimi nilisimama. Maziwa yalikaa juani na mzee akaanza kuniangalia kwa wasiwasi, akidhani labda nina shida, nami sikuwa na shida yoyote. Nilikuwa na miaka kumi tena, niko Louisville, nyuma ya nyumba yetu, na mikono inayonuka hivyo ni ya Baba.

Wenzangu mliokulia Iroquois, kule kusini mwa Louisville, mnakumbuka tulivyokuwa. Wazazi wetu walipishana mlangoni, huyu anatoka ghalani, huyu anakwenda hotelini kufua mashuka, na sisi tukiulizwa kwa Kiswahili tunajibu kwa Kiingereza. Mnakumbuka pia sheria ya magari, ambayo hakuna aliyeitunga lakini kila Mrundi aliifuata. Ukipata kazi unanunua gari dogo bovu. Ukizaa mtoto wa tatu unanunua gari la familia la Kijapani, lile lenye mlango wa kusukuma, na Jumapili unaliegesha mbele ya kanisa pale linapoonekana vizuri. Gari la Kimarekani la zamani halikuwemo kwenye sheria hiyo. Hilo lilikuwa la wazee wa Kizungu waliostaafu, wenye nafasi ya kuchezea vyuma.

Baba alilipata kwa Bi Doris, jirani yetu, mjane aliyeishi peke yake. Kila kiangazi Baba alimkatia majani ya uwanja bila kuombwa, kwa sababu kule kambini alikokulia, Kasulu, ilikuwa aibu kwa mtaa mzima kumwacha mama mzee akizungukwa na majani. Nyuma ya nyumba ya Bi Doris, chini ya turubai la bluu, kulikuwa na gari la marehemu mumewe. Siku moja akamwekea Baba ufunguo mkononi pamoja na kadi ya gari iliyokwisha kutiwa sahihi, akaingia ndani haraka kama mtu asiyetaka kuonekana analia. Aina ya gari sitaitaja, maana wapenda magari hayo wakianza maswali hawamalizi. Itoshe kusema lilikuwa limeundwa kabla Baba hajazaliwa, lilikuwa refu, na nyuma lilikuwa na mabawa mawili ya chuma ambayo sikuelewa ni ya kazi gani. Mti ulikuwa umeota kwenye sakafu yake ukatokea dirishani, na panya walikuwa wamejenga kwenye viti. Wanaume wanne wa kanisani walilisukuma mpaka kwenye gereji yetu, na Baba akalifunika shuka jeupe.

Kesho yake jioni nikaona kina mama wa kanisa wanaingia kwetu kimyakimya, wamebeba masufuria ya wali na maharage. Nyuma yao waume zao, na nyuma kabisa Mzee Zakayo, aliyekuwa msemaji wetu katika harusi na misiba yote ya Warundi wa Louisville. Walikaa sebuleni bila kuongea. Mimi nikajua mtu amekufa, na kwa kuwa nilikuwa nimeona shuka jeupe gereji, nikajua na maiti iko wapi. Nililia mpaka Mama akanitoa nje. Kumbe walikuja kutupa pole. Walikuwa wamesikia kwamba Baba amefilisika, amelazimika kuchukua gari la jalalani, na kwetu mtu akipatwa na jambo kama hilo haulizwi maswali, anapelekewa chakula. Baba alicheka hadi akakaa chini, kisha akawapeleka wote gereji na kufunua shuka. Mzee Zakayo alivua kofia, akauliza marehemu aliacha watoto wangapi. Tangu siku hiyo gari likaitwa Marehemu.

Baba hakuwa fundi wa kusomea. Alikuwa utingo wa malori yaliyoleta mahindi kambini, na lori likiharibika porini, utingo huwa daktari wake au hulala hapohapo. Marehemu alimchukua majira mawili ya baridi. Alizimwagia silinda mafuta akaziacha ziloweke wiki kadhaa, mpaka pistoni zilipokubali kuachia. Kabureta aliifungua juu ya gazeti kwenye meza ya chakula, na Mama akatangaza kwamba atakayekuta petroli kwenye ugali asimlaumu yeye. Vitabu vya gari vilikuwa kwa Kiingereza kigumu, kwa hiyo msomaji wake alikuwa Shangazi Goreti, mdogo wake wa mwisho, aliyekuwa akiishi nasi na kusomea kazi ya kuhudumia wazee. Yeye alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, tochi mkono mmoja na kitabu mkono wa pili, akitafsiri, na Baba akibishana na kitabu. Nilipenda kuwasikiliza. Kwa watu wazima wengine niliowajua, gari lilikuwa kitu cha kuwapeleka kazini, na wawili hao walikuwa wakicheka gizani na baridi ile kwa ajili ya gari lisilokwenda popote.

Siku lilipowaka, moshi ulijaa uchochoro mzima na mbwa wa Bi Doris akakimbilia chini ya ngazi. Bi Doris mwenyewe alitoka na taulo kichwani, akasimama akisikiliza injini macho ameyafumba. Mzee Zakayo aliitwa kwa simu aje kushuhudia. Alifika, akasikiliza, akasema ya Marehemu yamekwisha, aliyefufuka huitwa Lazaro. Hivyo ndivyo alivyobatizwa.

Karibu na wakati huo Shangazi Goreti akaposwa. Mchumba wake, Amani, alikuwa Mkongomani wa kutoka Uvira, anaishi Buffalo, na ukoo wake kule ulikuwa mkubwa na wenye maneno. Katika mazungumzo ya simu kati ya wazee wa pande mbili, wale wa Buffalo wakasema tusihangaike na usafiri, wao watakodi gari refu jeupe la kumchukua bibi harusi. Walisema kwa wema, nadhani, lakini wema wa aina ile humwambia mtu kwamba hana kitu. Baba alichukua simu kutoka kwa Mzee Zakayo. Akasema baba yao alifia kambini, na yeye ndiye aliyembeba Goreti mgongoni siku walipovuka mto kuingia Tanzania, kwa hiyo siku ya kumkabidhi kwa mume atamfikisha mwenyewe, kwa gari lake. Aliporudisha simu, kila mtu sebuleni alijua kwamba Lazaro sasa si mchezo tena. Ahadi ilikuwa imeshatolewa mbele ya wakwe.

Na ndipo Bibi akafika. Bibi, mama yake Baba, ambaye tulimzika mwaka juzi, alibaki kambini miaka yote ile kwa sababu kesi yake ilikwama ofisini, na sisi tulikuwa tumeshazoea kumwona kwenye simu tu, paji la uso na dari. Alishuka uwanja wa ndege wa Louisville na mfuko mmoja, mdogo kuliko nilivyodhani, akamshika Baba masikio mawili kama anayempima mbuzi. Nilimpenda palepale. Lakini nyumbani hakuwa na la kufanya. Nguo zilifuliwa na mashine, sakafu ilifagiliwa na mashine, na kila aliposhika ufagio Mama alimpokonya kwa heshima akimwambia, "Pumzika, Mama, umeteseka sana." Tulimpumzisha hadi akaanza kunyauka.

Kule kambini Bibi alikuwa na jina kwa sababu ya masufuria. Kila asubuhi aliyasugua kwa majivu na mchanga, nje na ndani, akayapanga juu ya kichanja yakawaka jua likipiga, na wanawake walipotaka kusifu usafi wa mtu walisema masufuria yake ni ya mama Goreti. Wiki yake ya pili kwetu alikuta kikaango cha Mama, kile cheusi kisichoshika chakula. Aliona ni masizi ya miaka. Alikisugua asubuhi nzima mpaka weusi wote ukatoka, akakiweka mezani kikiwa cheupe, amechoka na amefurahi. Mama alishukuru kwa mikono miwili. Siku iliyofuata akanunua kingine, akakificha chumbani chini ya kitanda. Hatukumwambia Bibi, kwa sababu kwetu mtu hamwambii mzee kwamba ameharibu. Sasa nafikiri, angeambiwa siku ile, mengine yasingetokea. Lakini nani angefungua kinywa?

Kazi aliyoipenda Bibi ilikuwa kumtazama Baba. Aliwekewa kiti cha plastiki mlangoni mwa gereji, na kwa wiki nyingi alichokiona ni mwanawe akisugua. Alisugua kutu. Alipaka puti ya kuziba mabonde, akaisugua. Rafiki yake wa kazini, fundi rangi kutoka Meksiko, alikuja akampigia Lazaro rangi ya bluu iliyoiva, na Baba, badala ya kupumzika, akachukua ndoo ya maji ya sabuni na msasa laini kabisa akaanza kusugua tena, kwa sababu ndivyo mafundi wanavyofanya ili rangi ing'ae kama kioo. Bampa nazo alizisugua kwa dawa ile inayonuka. Bibi alitikisa kichwa kwa kuridhika. Alimwambia Mama kwamba mwanawe ameiga kwake.

Siku moja kabla ya safari ya Buffalo, Baba alikuwa kazini, Mama alikuwa hotelini, Shangazi alikwenda kusukwa. Mimi nilikuwa ndani natazama katuni. Lazaro alikuwa nje, ameoshwa, anasubiri. Niliposikia Baba amerudi nikachungulia dirishani, nikamwona amesimama uwanjani na mfuko wake wa chakula mkononi, hasogei.

Bibi alikuwa amejifunga kitenge kiunoni. Miguuni pake kulikuwa na bakuli la majivu aliyoyachota kwenye jiko letu la kuchomea nyama, na waya wa kusugulia masufuria. Upande wote wa kushoto wa Lazaro, kuanzia taa ya mbele hadi kwenye bawa la nyuma, ulikuwa umefifia. Ile bluu ambayo jana yake niliona mawingu ndani yake ilikuwa imejaa mikwaruzo ya duara, duara juu ya duara, na mlangoni chuma kilianza kuonekana. Bibi alimgeukia Baba, jasho linamtiririka.

"Nimekusaidia," alisema. "Goreti ni mwanangu, hawezi kwenda kwa wakwe na chombo ambacho sijakigusa. Upande ule mwingine mgongo umekataa."

Baba aliweka mfuko chini. Akalisogelea gari, akalaza kiganja mlangoni, akakiacha hapo kwa muda mrefu hivi kwamba nikadhani anaomba.

"Asante, Mama," alisema. "Umefanya kazi. Njoo ukae, nikuletee chai."

Akamletea kweli, alichemsha mwenyewe, akamsimamia mpaka akaimaliza. Mama na Shangazi walipofika aliwakusanya jikoni pamoja na mimi akafunga mlango. Alisema kwa sauti ya chini kwamba mama yake hakuharibu kitu, na hataki kusikia neno, wala kicheko, wala kuguna. Shangazi aliweka mikono juu ya nywele zake mpya akalia. Aliuliza atafikaje mbele ya watu wale, ambao tayari wanatuona watu wa kambini, na gari lenye upele. Akamsihi Baba awapigie simu wakubali lile la kukodi. Rangi mpya ingetaka siku kadhaa, na safari ilikuwa asubuhi. Baba alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akamwambia kwamba gari ni lilelile, na yeye ni kaka yake yuleyule, na watafika.

Mimi nilikasirika. Nilikuwa nimemwona Baba akiinua gia boksi kifuani peke yake, nimemwona akibishana na polisi, na sasa anamnyenyekea mwanamke asiyemfika begani. Kwa akili yangu ya miaka kumi jambo lilikuwa wazi kabisa: Baba anamwogopa Bibi. Niliingia kitandani nikiwa nimemvunjia heshima kidogo moyoni, na sikujua kuwa hilo linaonekana usoni.

Tuliondoka asubuhi, Baba kwenye usukani, Bibi katikati, Shangazi dirishani, kwa sababu kiti cha mbele cha Lazaro kilikuwa kirefu kama benchi la kanisa. Mama na mimi tulikaa nyuma na magauni. Gari la Mzee Zakayo lilitufuata. Na hapa lazima niseme kweli: Lazaro alikwenda. Milima ya Kentucky aliipanda akinguruma taratibu, na kwenye barabara kubwa ya Ohio malori yalitupigia honi na watoto wakabandika nyuso kwenye vioo. Wahenga walisema vyaelea, vimeundwa. Mimi niliyeviona vikiundwa kwenye meza ya chakula nilitaka kufungua dirisha niwaambie wote.

Usiku tulilala Reynoldsburg, kwa ndugu wa kanisani, kwenye nyumba zilizo karibu sana na hizi ninazokaa leo. Niligundua jambo. Kila tulipoegesha, Baba alizunguka hadi apate mahali ambapo upande wa kushoto unaelekea ukuta au ua. Watu walitoka kupiga picha, wakapiga upande wa kulia, wakasifu, na Baba akapokea sifa huku amesimama pembe ya bampa kama askari wa mlangoni. Kwenye kituo cha mafuta, Mmarekani mmoja mwenye masharubu meupe alizunguka mpaka upande wa pili akashtuka, akaniuliza mimi nani amefanya ukatili huu. Nilikuwa nimeshafungua kinywa. Baba akanishika bega na kumwambia yule bwana kwa Kiingereza chake kwamba gari liko sawa, asante. Nikahesabu hilo pia kuwa ni woga, na aibu juu yake.

Buffalo tuliingia kwa barabara ya Grant, katikati ya maduka ya vyakula na ya kutuma pesa nyumbani, na kila mlango ulitoa watu. Wakongomani walitoka, Wasomali walitoka, kinyozi alitoka na mashine mkononi. Shangazi alikuwa amevaa gauni lake tayari, na kwa mara ya kwanza tangu Louisville alitabasamu. Lakini uwanja wa kanisa la kina Amani ulikuwa wazi pande zote. Hapakuwa na ukuta. Baba alizunguka mara moja, akazunguka tena, akaegesha palepale katikati, na watu wakalizingira gari pande zote mbili.

Mnajua zinavyokwenda sherehe zetu za kukabidhiana. Kila upande una msemaji wake, na kabla ya kula lazima wasemaji wachokozane, huyu atupe jiwe la maneno, yule alidake na kulirudisha likiwa ua. Asiyeweza kujibu ameaibisha ukoo. Msemaji wa Buffalo alikuwa Papa Bahati, baba mdogo wa Amani, mtu mnene mwenye fimbo ya kupendeza. Tulikaa tukitazamana, Bibi mstari wa mbele kabisa kwenye vitenge vyake vipya. Papa Bahati akasimama.

"Bon, bashemeki, karibuni," alisema. "Bibi arusi tulimuona, ni muzuri, hatuna kilio. Lakini ile gari, donc, tuliizunguka. Upande moya inangaa sawa kioo. Upande ingine, sijue ni kuku ndiyo ilikwangula, sijue ni mbuzi. Tunauliza tu: huyu mutoto mulimuleta na heshima nusu?"

Ukumbi ulicheka, maana ilikuwa zamu ya kucheka. Upande wetu hakuna aliyecheka. Nilimwona Bibi akigeuka polepole kumtazama Baba, uso umejaa swali, na nikaelewa kwamba sasa hivi, mbele ya watu wote hawa, atajua. Mzee Zakayo alisimama kujibu. Alikuwa hajawahi kukosa neno maishani mwake, na alilikosa.

Baba akainuka. Kwa desturi mwenye binti hajisemei, yuko msemaji, kwa hiyo ukumbi mzima uligeuka kumtazama. Hakupandisha sauti.

"Papa Bahati, una macho mazuri," alisema. "Upande wa kulia niliung'arisha mimi, kwa dawa ya dukani. Upande wa kushoto aliung'arisha mama yangu mzazi, yule pale, kwa majivu na mkono wake, kama alivyosugua masufuria yake kule tulikotoka kukiwa na mgeni mkubwa. Sisi tulivuka mto yeye akiwa mbele anapima maji kwa fimbo, na mimi nyuma na huyu Goreti mgongoni. Hajawahi kumiliki gari. Hili ndilo la kwanza kuliosha, na ameliosha kwa ajili yenu. Kwa hiyo usiniambie heshima nusu. Upande ule ndio wenye heshima. Huu mwingine ni rangi tu."

Akakaa. Mwanamke mmoja wa upande wao, nyuma kabisa, akapiga kigelegele, kisha ukumbi mzima ukaitikia, wa kwao na wa kwetu, mpaka sikuweza kusikia Mama ananiambia nini. Shangazi Goreti alikuwa akilia tena, lakini amenyoosha shingo. Papa Bahati alisubiri kelele zipungue. Akasema, "Bon. Hapa tunaanguka," akaamuru kreti ya soda, faini ya aliyeshindwa, ibebwe hadi miguuni pa Bibi, akaenda mwenyewe akainama kumpa mkono.

Mimi nilijivuna. Nimetafuta neno jingine miaka yote hii sijalipata. Nilijivuna hadi kifua kikauma, na woga niliokuwa nimemsingizia Baba ukanitoka wote kwa mara moja, maana mtu mwoga hasimami vile. Hakuwa akimwogopa Bibi. Alikuwa akimlinda, tangu ile dakika ya kiganja mlangoni, kupitia kila ukuta na kila ua wa Columbus, na ukuta ulipokosekana akasimama yeye.

Bibi hakupiga kigelegele. Aliweka sawa kitenge chake, akakaa wima kama mtu anayepigwa picha. Wakati wa kula alinishika mkono tukatoka nje. Watu walikuwa wamepanga foleni kupiga picha, na sasa wote walitaka upande wa kushoto. Kijana mmoja alimwomba Bibi asimame mlangoni, aguse mikwaruzo, na Bibi akaigusa kwa vidole vitatu, kwa madaha. Kisha akazunguka hadi upande wa kulia, ule unaong'aa, ambako hapakuwa na mtu. Alijiona kwenye rangi. Akasonya.

"Huku mbona hakujaguswa," aliniambia. "Watu watasema nilichoka."

Harusi ilifungwa, Shangazi akabaki Buffalo, nasi tukarudi Louisville na benchi la mbele lenye nafasi. Asubuhi ya kwanza nyumbani, kabla ya chai, Bibi alitoka amejifunga kitenge kiunoni, bakuli la majivu mkononi, akauliza waya wake uko wapi. Mama alimfuata Baba gereji mbio, mimi nyuma yake. Alimnong'oneza kwamba Goreti ameshaolewa, sherehe imeisha, gari limemchukua majira mawili ya baridi, na upande mmoja umebaki mzima.

"Utamwacha kweli?" Mama aliuliza.

Baba alimtazama Bibi kupitia mlangoni. Alikuwa ameshapiga goti kando ya taa ya mbele ya kulia, anakunja mikono ya blauzi, anaimba.

"Tangu ashuke kwenye ndege kila mtu anamwambia pumzika," alisema. "Mwache afanye kazi."

Akachukua ndoo, akaenda kumtekea maji.